Ulezi wa Wanafunzi wa Chuo Unasomewa?

Matangazo ya kazi ya vyuo vikuu vyetu yana jambo moja ambalo nimelisoma kwa miaka na bado linanisumbua. Akitafutwa mhadhiri wa fizikia, tangazo linataka shahada ya fizikia, tena yenye alama za juu. Akitafutwa mhasibu, linataka mtu aliyesajiliwa na bodi ya wahasibu. Lakini akitafutwa mlezi wa wanafunzi, mtu atakayesimamia bweni lenye vijana mia kadhaa na kupigiwa simu saa nane za usiku mmoja wao anapozimia, mlango unafunguliwa kwa karibu kila mtu: elimu, sosholojia, saikolojia, ustawi wa jamii, utawala, au fani inayolingana na hizo. Juu yake, kwenye kiti cha mshauri wa wanafunzi, mara nyingi huteuliwa mhadhiri mwenye sifa ya upole, akaambiwa aendelee na vipindi vyake huku akishika ofisi.

Fani inayolingana na hizo ni ipi, ikiwa kazi yenyewe haina fani?

Anayetaka kuona uzito wa swali hili na akakae kwenye benchi la nje ya ofisi hiyo wiki ya tatu baada ya chuo kufunguliwa. Wa kwanza kwenye foleni bumu lake, yaani fedha yake ya mkopo, halijaingia, kwa kuwa jina la akaunti ya benki halifanani na jina la cheti cha kidato cha nne. Wa pili amekosa chumba. Wanabebana watatu kitanda kimoja, na mwenye chumba ameanza kununa. Wa tatu amefiwa na baba Kigoma na mtihani ni Alhamisi. Wa nne ni mjamzito, anauliza kama anaweza kuahirisha mwaka bila kupoteza mkopo. Wa tano jina lake limekatwa kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi na nyuma yake wapo wenzake arobaini wenye hasira. Wa sita hana cha kuuliza. Ameletwa na mwenzake wa chumba, amemshika mkono, kwa sababu hajasema na mtu wala kula vizuri kwa siku kumi.

Hawa sita watapita mlango mmoja kabla ya adhuhuri. Anayewapokea anatakiwa ajue taratibu za Bodi ya Mikopo, kanuni za mitihani, sheria ya usikilizwaji wa haki, ugawaji wa vyumba, na dalili za mtu anayepaswa kufikishwa hospitali leo hii na si kesho. Upole wake utamsaidia kwa wote sita, lakini hautamtosha hata kwa mmoja.

Marekani swali hili lilianza kujibiwa zaidi ya karne iliyopita, na walioanza kulijibu kwa dhati walikuwa wanawake. Vyuo vilipoanza kupokea wasichana kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, marais wa vyuo waliingiwa na hofu ya kile ambacho wazazi wangesema, wakatafuta mwanamke wa kuwaangalia hao wasichana. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichofungua milango mwaka 1892, kilimleta Alice Freeman Palmer, na pamoja naye Marion Talbot, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa wanafunzi wa kike. Walikuwa wasomi kamili. Wenye vyuo waliwataka wawe walinzi wa milango. Wao wakataka kujua wasichana wale wanasoma nini, wanakula nini, wanalala wapi, na kwa nini wengine wanaacha masomo. Mwaka 1903 Talbot aliwakusanya wenzake wa vyuo vingine wazungumze juu ya kazi ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha. Mwaka 1916 wakaunda chama. Katika miaka hiyo hiyo ya 1910, Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilianza kutoa mafunzo rasmi kwa washauri wa wanafunzi wa kike, na mwaka 1929 Esther Lloyd-Jones akapata hapo shahada ya uzamivu katika fani hii.

Wanaume walichelewa. Wakuu wa wanafunzi wa kiume walianza mikutano yao mwaka 1919, na chama chao ndicho kilichokua kikawa NASPA ya leo, lakini wengi wao waliamini kwa muda mrefu kwamba kazi hii ni karama: mtu huzaliwa nayo au hana. Naona imani hiyo bado iko hai kwetu, na naiona ni ya hatari. Karama haikaguliwi na yeyote. Mtu akikosea hawezi kuulizwa amekiuka kanuni ipi, na akistaafu anaondoka na kila alichokijua.

Katika historia hiyo yupo mmoja ambaye ningependa ajulikane zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili. Lucy Diggs Slowe alizaliwa Virginia miaka ya 1880, akafiwa na wazazi akiwa mdogo, akasoma Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha Wamarekani Weusi mjini Washington, na baadaye Columbia. Mwaka 1917 alishinda mashindano ya taifa ya tenisi ya Wamarekani Weusi. Mwaka 1922 Howard ilimteua kuwa mkuu wa wanafunzi wa kike, Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho akiwa na mafunzo ya kazi yenyewe. Alikataa kuwa matroni. Alisema wasichana wake wanapaswa kuandaliwa kuishi katika dunia ya kazi na uamuzi, na kwamba mtu anayewaandaa lazima awe mtaalamu mwenye nafasi kwenye meza ambako mambo ya chuo yanaamuliwa. Kwa miaka alivutana na rais wa chuo, Mordecai Johnson, kuhusu mshahara, madaraka na hata mahali pa kuishi, kwani uongozi ulimtaka ahamie ndani ya chuo karibu na mabweni, naye akaona hilo linamrudisha kwenye umatroni. Alifariki mwaka 1937 ugomvi ule haujaisha. Mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye ofisi ya wanafunzi Dar es Salaam, Njoro au Kampala atayatambua malalamiko yake moja baada ya jingine.

Mwaka huo huo wa 1937, American Council on Education ilitoa waraka uliokuwa msingi wa fani: chuo kinapompokea mwanafunzi kinampokea mtu kamili, mwenye mwili, moyo, imani, mfuko na ndugu, si kichwa peke yake. Ukapitiwa upya mwaka 1949, wakati sheria ya mwaka 1944 ya kuwasomesha askari waliotoka vitani ilikuwa imeingiza vyuoni watu zaidi ya milioni mbili, wengi wakiwa na wake, watoto na majeraha. Hapo ndipo vyuo vilipohitaji maofisa kwa maelfu, na shahada za uzamili zikaenea.

Leo shahada hiyo kwa kawaida huchukua miaka miwili. Haina shahada ya kwanza ya jina lake. Wanaoingia wametoka historia, baiolojia, biashara, chochote. Baraza la viwango linalojulikana kama CAS, lililoundwa mwaka 1979, limeweka mambo ambayo programu ya namna hii inapaswa kuwa nayo: historia na maadili ya fani, nadharia za ukuaji wa vijana na watu wazima, tabia za wanafunzi wa makundi mbalimbali, stadi za unasihi, uongozi na bajeti, utafiti na tathmini. Vyama viwili vikubwa, ACPA na NASPA, vimekubaliana tangu 2010 juu ya orodha ya umahiri ambao mfanyakazi anapaswa kuwa nao, vikairekebisha mwaka 2015 na kuongeza haki za kijamii na teknolojia. Haya unaweza kuyasoma ukiwa popote. Kinachoitofautisha shahada hii, na ambacho naona ndicho chenye thamani yake ya kweli, ni mazoezi ya kazi chini ya uangalizi. Viwango vya CAS vinadai saa zisizopungua 300 za mazoezi hayo, katika sehemu mbili tofauti. Na juu ya hizo, wanafunzi wengi huajiriwa na chuo chenyewe saa kama 20 kwa wiki, bwenini, kwenye ofisi ya ajira, kwenye huduma za wenye ulemavu au kwenye mapokezi ya mwaka wa kwanza, na kwa kazi hiyo hulipiwa ada na kupewa posho.

Neno lenye uzito hapo ni uangalizi. Kila wiki mwanafunzi huyu hukaa saa nzima na mtu aliyeifanya kazi kwa miaka, na wanarudia yaliyotokea. Ulimwambia nini yule binti alipokuja analia? Kwa nini ulimwahidi kwamba hutamwambia mtu, wakati hukujua bado atakuambia nini? Ulinyamaza mahali gani, na kimya kile kilikuwa cha kumpa nafasi au cha kukosa la kusema? Kwa nini ulikwenda chumbani kwake peke yako? Maswali haya hayako kwenye kitabu, na hakuna mtu anayeweza kujiuliza mwenyewe yote. Mtu aliyeulizwa hivyo kwa miaka miwili anatoka na tabia ya kujikagua, na tabia hiyo ndiyo inayomlinda mwanafunzi wa sita kwenye benchi letu.

Sisi watu wa pwani na bara tusilione jambo hili geni. Jando na unyago vilikuwa na walimu wao, na hakuna aliyeshika ukungwi kwa sababu tu ana moyo mzuri. Aliambatana na kungwi mkubwa, akajifunza nyimbo na mafumbo yake, akajua lipi husemwa mbele ya wari na lipi husemwa baadaye, akaonekana kwa macho ya waliomtangulia kwamba ameiva, ndipo akaachiwa mwari wake. Jamii ilikubali kwamba kumvusha kijana kutoka umri mmoja hadi mwingine ni kazi ya kufundishwa, tena yenye madaraja. Yapo mengi ya jando na unyago ambayo leo tunayakataa kwa haki. Lakini wazo kwamba mvushaji naye hufundwa tulikuwa nalo, na tulipojenga vyuo vikuu hatukuliingiza ndani ya uzio.

Ajabu ni kwamba wazo lenyewe la kumvusha kijana limepita Ulaya na Marekani na kuturudia likiwa limevaa mavazi mengine. Vincent Tinto, ambaye kitabu chake cha 1987 kuhusu wanaoacha chuo husomwa karibu katika kila programu ya fani hii, alijenga sehemu ya hoja yake juu ya kazi ya Arnold van Gennep ya mwaka 1909 kuhusu mila za kuvuka rika: mtu hutengwa na alikotoka, hukaa katikati, kisha hupokelewa anakokwenda. Mwanafunzi, kwa hoja hiyo, asipojitenga vya kutosha na nyumbani hawezi kupokelewa chuoni, na anayebaki katikati ndiye anayeacha. Mwaka 1992 William Tierney alimjibu kwa hoja ambayo mzee yeyote wa jando angeitoa: mila za kuvuka hufanyika ndani ya jamii moja, mwari huondoka kwa watu wake na kurudi kwa watu wake akiwa mkubwa. Kumtaka kijana wa Wahindi Wekundu, ambao Tierney alikuwa akiwaandika, aiache jamii yake aingie ya wengine ni jambo jingine kabisa. Kijana wa mwaka wa kwanza anayetoka Loliondo au Turkana na kuambiwa chuoni kwamba sasa "asahau ya nyumbani" anafanyiwa kosa lile lile.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi ya kusoma nadharia za fani hii. Nyingi zilizaliwa mahali padogo. Arthur Chickering aliandika kitabu chake cha 1969 kuhusu elimu na utambulisho baada ya kufanya kazi katika Goddard College, chuo kidogo cha vijijini Vermont, na mojawapo ya njia saba za ukuaji alizozieleza ilikuwa kijana kujifunza kusimama peke yake. Toleo la 1993, alilolifanya pamoja na Linda Reisser, lilibadilisha njia hiyo: kijana hupitia kujisimamia ili afike kwenye kutegemeana. Walichukua karibu robo karne kufika mahali ambapo mwanafunzi wetu anaanzia. Bumu likiingia, anapeleka sehemu nyumbani kwa ada ya mdogo wake, analala na njaa wiki ya mwisho wa muhula, na hajioni mjinga. Ofisa aliyesoma toleo la kwanza tu atamwona kijana huyu hajakua. Ofisa aliyefundishwa kuhoji nadharia atauliza swali la maana zaidi: tumsaidieje huyu atimize wajibu wake bila kufeli?

Zipo nadharia ambazo hazihitaji kurekebishwa sana. Nevitt Sanford, katika miaka ya 1960, alisema kijana hukua pale changamoto na msaada vinapokuwa na uwiano: changamoto ikizidi anakimbia, msaada ukizidi analala. Nancy Schlossberg aliandika mwaka 1989 juu ya mtu kuhisi kwamba anahesabika mahali alipo, kwamba asipoonekana kuna mtu atauliza. Ukumbi wa mihadhara wenye wanafunzi 600, ambao mhadhiri hamjui hata mmoja kwa jina, unatosha kumfanya mtu aelewe alichomaanisha.

Kuna sehemu ya mafunzo haya ambayo wengi huipuuza kwa kuwa haina mvuto wa unasihi, nayo ni sheria. Kwa muda mrefu vyuo vya Marekani vilijiona vimeshika nafasi ya mzazi, na mzazi hahojiwi anapomfukuza mtoto mezani. Mwaka 1960 wanafunzi Weusi wa chuo cha serikali mjini Montgomery, Alabama, waliingia kwenye mgahawa wa mahakama ya wilaya uliokuwa wa Wazungu tu, wakaomba kuhudumiwa. Baadhi yao wakafukuzwa chuo bila kuelezwa kosa wala kusikilizwa. Mwaka 1961 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika shauri la Dixon, iliamua kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi bila kumpa taarifa ya mashtaka na nafasi ya kujitetea. Tangu hapo hakuna programu ya fani hii inayoacha kulifundisha shauri hilo.

Kwetu historia ina uchungu wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam na wenzao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 wakarudishwa makwao siku hiyo kwa amri ya Rais Nyerere mwenyewe. Mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa chuoni hapo hapo, na mgogoro uliofuata unaitwa kwa jina lake hadi leo. Sibishani hapa nani alikuwa na haki. Ninachokitazama ni kwamba kati ya mwanafunzi na dola hapakuwa na ofisi yenye nguvu ya kusikiliza kwanza. Leo Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inamhakikishia mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na sababu zake zitolewe kwa maandishi pale unapomdhuru mtu. Ni kamati ngapi za nidhamu zina mjumbe aliyewahi kufundishwa maana ya ibara hizo kwa kazi yake?

Hapa ndipo ilipo hitilafu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, katika ofisi zetu: mtu mmoja hushika nidhamu na unasihi. Asubuhi anamwita mwanafunzi ajieleze kwa nini asisimamishwe masomo. Mchana anamtaka mwanafunzi huyo huyo afungue moyo. Mafunzo yangemfundisha angalau kutambua kwamba hilo haliwezekani, na angekuwa na msingi wa kumwambia makamu mkuu wa chuo hivyo. Umuhimu wa mahali salama pa mwanafunzi kusema, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijifunza kwa gharama ambayo hailipiki. Kwa miaka kundi la wanafunzi lililojiita Mzee Punch lilibandika ukutani michoro na maandishi ya kuwadhalilisha wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa, na wengi waliliona kama utani wa chuo. Februari 1990 mwanafunzi wa kike aliyekuwa ameandamwa hivyo alijiua. Wanaharakati wa wanawake nchini walisimama baada ya hapo, na madawati ya jinsia tunayoyaona vyuoni sasa yana mizizi katika hasira ya aina hiyo. Ofisa wa leo anapaswa kujua kwamba kifungu cha 25 cha sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, ili mwanafunzi anapomweleza kuhusu mhadhiri wake asimjibu kwa kumshauri abadilishe kozi.

Basi kijana wa Kitanzania au wa Kenya anayetaka kazi hii aende Marekani kusoma? Nitasema ninavyofikiri. Ada ya programu hizo ni kubwa, na asiyepata nafasi ya kazi inayolipiwa ada asiende kwa mkopo, kwa sababu mishahara ya kuanzia katika fani hii hata kule ni midogo ukilinganisha na shahada inayodaiwa. Kazi ina usiku na wikiendi, na wengi huichoka mapema na kuondoka. Kwa mwenye viza ya masomo, ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu katika fani kama hii kwa kawaida ni miezi 12. Baada ya hapo lazima apatikane mwajiri wa kumdhamini. Anayeomba na aulize kabla ya yote: ni wanafunzi wangapi wa programu wanaolipiwa ada, nani atakuwa mwangalizi wangu, na mazoezi yangu yatakuwa ofisi gani? Chuo kinachojibu kwa kumsifia mandhari yake kiachwe.

Na ajiulize kwa nini anaitaka. Wengi huomba kwa sababu walikuwa viongozi wa wanafunzi na miaka ya chuo ilikuwa mitamu. Naielewa sababu hiyo, lakini ni dhaifu. Aliyefurahia chuo anakijua chuo cha waliofurahia, na wateja wa ofisi hii kwa sehemu kubwa ni wengine: aliyepata sapu nne (mitihani ya marudio) na anakaribia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, anayelala msikitini au kanisani kwa kukosa kodi, mwenye ulemavu wa kuona aliyepangiwa ghorofa ya tatu.

Njia yenye faida zaidi naiona hapa hapa. Mpaka Chuo Kikuu cha Sokoine kilipoanzishwa mwaka 1984, Tanzania ilikuwa na chuo kikuu kimoja, na mshauri wa wanafunzi aliweza kuwajua wengi kwa sura. Tangu hapo vyuo vimeongezeka mara nyingi. Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, ile ya Kenya mwaka 1995, na kila mkopo umezaa kazi mpya katika ofisi ya wanafunzi. Hosteli zilizofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017 peke yake zilijengwa kwa wanafunzi 3,840. Vipande vya mafunzo vipo tayari: vyuo kadhaa vina uzamili wa saikolojia ya unasihi, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Dar es Salaam tangu 1973, vitivo vya sheria na elimu vipo. Tangu 2013 lipo hata jarida la kitaaluma la fani hii barani, lenye makao Afrika Kusini. Kinachokosekana ni mtu wa kuviunganisha na kuvipa jina.

Programu ya namna hiyo ingeanza na maswali yake yenyewe. Ingefundisha mkopo kama somo kamili, kuanzia fomu hadi rufaa. Ingefundisha siasa za serikali za wanafunzi, pamoja na mabadiliko ya sheria ya Kenya ya 2016 yaliyoondoa uchaguzi wa moja kwa moja na kuweka wajumbe wanaowachagua viongozi, ili ofisa ajue anachosimamia anapowakuta wanafunzi wanaojiita makomredi getini. Ingefundisha dini, maana kesha la maombi na adhana ya alfajiri bwenini ni mambo ya kila wiki na Chickering hana msaada mkubwa hapo. Ingefundisha maafa. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi mno wakiwa wanafunzi, na walionusurika wengi wakahamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mtu aliyewapokea huko alipaswa kujua nini? Nani alale chumba kimoja na nani, mlango ugongwe vipi usiku, mtihani urudi lini, jamaa wa marehemu wapokelewe na nani wanapokuja kuchukua begi. Maswali haya yana majibu, waliyoyapata kwa taabu watu waliokuwapo, na mahali pake ni darasani kabla hayajazeeka pamoja nao.

Wala si lazima kungoja shahada. Chuo kinaweza muhula ujao kutenga chumba cha pili mbali na ofisi ya nidhamu, chenye mlango wake na mnasihi asiyekaa kwenye kamati yoyote ya mashtaka. Kinaweza kumwambia kila mlezi wa bweni kwamba Ijumaa saa nne ana saa moja na mlezi mzoefu kutoka chuo jirani, simu zikiwa zimezimwa, kuzungumzia kisa kimoja tu cha wiki hiyo. Waanze na yule aliyeletwa kwa kushikwa mkono: aliketi wapi, nani aliongea kwanza, na jioni ile ni nani aliyekwenda kugonga mlango wake.